Kukopa Arusi, Kulipa Matanga: Somo la Uwekevu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyegawa riziki baina ya waja wake kwa kipimo akijuacho Yeye. Sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Wazee wa pwani waliacha methali ya maneno manne: Kukopa arusi, kulipa matanga. Maana yake ni kwamba mwenye kukopa huwa na furaha kama aliye arusini, na siku ya kulipa huwa na huzuni kama aliyefiwa. Walakini kwa watu wengine methali hii si mfano tena, bali ni khabari yao yenyewe. Mtu hukopa kwa ajili ya arusi ya mwanawe, na kabla hajamaliza kulipa mauti humfikia, na deni lile likadaiwa katika matanga yake, mbele ya mjane na mayatima.

Uchache wa pato ni mtihani utokao kwa Mola, wala mtu halaumiwi kwao. Lakini kutumia kabla ya kupata, na khasa kutumia kwa ajili ya macho ya watu, ni jambo la mtu mwenyewe kwa khiyari yake, nalo laweza kuiangusha nyumba ya mwenye pato kubwa kama iangushavyo ya mwenye pato dogo. Hilo ndilo jambo lielezwalo katika somo hili, pamoja na dawa yake.

MAANA YA UWEKEVU

Watu wengine hudhani kuwa mwekevu na bakhili ni mtu mmoja. Sivyo. Bakhili ni yule azuiaye haki iliyompasa: hampi mkewe nafaka, hawavishi wanawe, hatoi zaka, wala hamwangalii jamaa yake aliye na dhiki. Mwekevu hutoa kila haki mahali pake, kisha huzuia mkono wake katika kilichozidi. Na mwenye israfu ni yule apitaye mpaka hata katika kitu cha halali, kama mtu apikaye wali wa watu mia kwa wageni thalathini, kisha asubuhi ukamwagwa.

Katika Suratul Furqan Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake wema kuwa watoapo hawapiti mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali husimama baina ya mambo hayo mawili. Na katika Suratul Israa amekataza mkono usifungwe shingoni, wala usikunjuliwe wote, asije mtu akakaa akilaumiwa hali ameishiwa. Mwenye kuyatazama makatazo haya ataona yamewekwa pamoja, ili mtu akikimbia shimo moja asitumbukie katika la pili.

Kwa hiyo mume asiyafanye maneno ya uwekevu kuwa kisingizio cha kuwadhiki watu wa nyumbani mwake. Hind binti Utba alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (S.A.W.) kuwa hampi cha kumtosha, Mtume alimruhusu atwae katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Uwekevu huanza katika matumizi ya mume mwenyewe, katika kikao cha baraza na hoteli na mirungi, kabla haujafika katika chungu cha mkewe.

KUWEKA AKIBA HAKUPINGI TAWAKALI

Wako wasemao: “Riziki ya kesho iko kwa Mungu, ya nini kuweka?” Maneno ya mwanzo ni haki, na maneno ya mwisho ni makosa. Imepokewa kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima kutokana na mitende ya Bani Nadhir. Wala hapana mja aliyemtegemea Mungu kuliko yeye. Basi kuweka ni katika kushika sababu, na kutegemea ni kazi ya moyo, na hivi viwili havigombani.

Na khabari ya Nabii Yusuf (A.S.) yajulikana hata na watoto wa chuoni. Alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, aliamrisha walime miaka 7 ya neema, na walichokivuna wakiache katika masuke yake ila kidogo cha kula, kwa kuwa baada yake itakuja miaka 7 ya shida. Humo mna mafunzo mawili. La kwanza, kilichowekwa kilitengwa wakati wa neema, maana wakati wa shida hapana cha kutenga. La pili, kiliwekwa katika masuke yake, hali ya kutoliwa upesi. Akiba iliyo karibu na mkono ni chakula, si akiba.

Mtu wa pwani hana haja ya kungoja miaka 7 apate kulifahamu jambo hili, kwani kila mwaka humletea kaskazi na kusi. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, na mvuvi wa chombo kidogo hutoka akarudi na samaki. Kusi ikivuma kwa nguvu bahari huchafuka, na vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba siku nyingi. Basi na ichukuliwe mfano wa mvuvi apataye shilingi 1,000 kwa siku katika miezi 4 ya bahari njema, akatoka siku 25 katika kila mwezi. Akitenga shilingi 200 kila siku kabla hajafika nyumbani, kaskazi ikiisha atakuwa na shilingi 20,000, nazo ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi katika miezi 4 ya kusi. Asipotenga, kusi itamkuta mlangoni kwa mwenye duka, naye atakula kwa deni, na samaki wa kaskazi ijayo watakuwa wameliwa kabla hawajavuliwa.

KHATARI YA DENI

Sharia haikuharimisha deni. Mwenye dhiki akikopa kwa nia ya kulipa, yuko katika ruhusa, na mwenye kumkopesha yuko katika thawabu. Walakini deni si jambo la kuchezewa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba katika sala yake kujikinga na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akiwa na deni husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Na hivyo ndivyo yaonekanavyo: mtu aliyejulikana kwa ukweli, akiingia katika madeni hubadili njia apitayo ili asipite mbele ya duka, na humtuma mtoto wake aseme kuwa baba hayupo. Mtoto yule naye amekwisha kufundishwa uwongo na mzazi wake.

Tena ililetwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa ana dinari 3 wala hakuacha kitu. Akawaamuru masahaba wamsalie mwenzao, yeye asimsalie, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitwika deni lile. Baadae Mwenyezi Mungu alipomfungulia mali, alikuwa akiwalipia maiti wasioacha kitu. Basi aliyelala na deni la karamu iliyokwisha kuliwa na kusahauliwa, na ajiulize nani atakayekuwa Abu Qatada wake.

Na khabari ya Unguja na Pemba ni mawaidha makubwa. Wenye mashamba wengi walikuwa wakikopa juu ya karafuu ambazo hazijachumwa, na wakaweka mashamba rehani. Bei ya karafuu ilipoanguka baada ya mwaka 1929, mazao hayakuweza kulipa madeni, na mashamba mengi yakawa katika khatari ya kuwatoka wenyewe, hata serikali ikatoa sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa wengineo bila idhini. Sababu zilikuwa nyingi, na bei ya soko haikuwa mikononi mwa mwenye shamba. Lakini kukopa au kutokopa kwa ajili ya sherehe kulikuwa mikononi mwake, na mti uliopandwa na babu hauna budi kuhuzunisha ukienda kwa sababu ya siku moja ya ngoma.

ARUSI

Sharia ya ndoa ni nyepesi. Watu ndio walioifanya nzito. Karamu ya ndoa ni suna, wala haikuwekewa kima cha gharama. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipooa, Mtume (S.A.W.) alimwagiza afanye karamu japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Na Mtume mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya (R.A.) katika safari ya kurudi kutoka Khaibar, karamu yake ilikuwa tende na maziwa yaliyokaushwa na samli, haikuwa na mkate wala nyama. Hapana aliyesema kuwa ndoa ile ilipungua heshima.

Basi mwenye uwezo akiwalisha watu kwa pato lake, amefanya wema. Lakini mwenye kukopa ili karamu yake isipungue ile ya jirani hakuwalisha wageni wake. Amewalisha maneno ya watu, na maneno hayashibi. Wageni hula siku moja, na kesho yake huanza kutaja kilichopungua. Deni hubaki kwa bwana arusi, akaanza maisha yake na mkewe hali mlango unagongwa na mdai. Ni bora kwa kijana apate kitanda na chungu na pato la mwezi mmoja mkononi, kuliko kusifiwa usiku mmoja na kudaiwa mwaka mzima.

MATANGA

Jambo la matanga ni zito zaidi, kwa kuwa humo huingia mali ya mayatima. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa vitani Muta mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa wamefikiwa na jambo lenye kuwashughulisha. Kwa hiyo katika madhehebu ya Imamu Shafii ni suna majirani na jamaa wa mbali wawapikie wafiwa chakula cha kuwatosha mchana na usiku wake. Desturi ya baadhi ya miji imeligeuza jambo hili kichwa chini, na mfiwa ndiye apikaye, na majirani ndio walao.

Na ajue kila mwenye kusimamia matanga kwamba mali ya maiti ina mpango wake. Kwanza hutolewa gharama za kumwosha na kumkafini na kumzika. Kisha hulipwa madeni yake. Kisha hutolewa wasia wake usiozidi thuluthi. Kisha ndipo wagawiwapo warithi. Hapana katika mpango huo fungu la mchele wa hitima. Mrithi aliye baleghe akitaka kuwalisha watu katika sehemu yake mwenyewe, hiyo ni mali yake. Ama sehemu ya mtoto mdogo, hapana ami wala mjomba mwenye ruhusa ya kuitia chunguni, na katika Suratun Nisaa wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma wameonywa kuwa wanakula moto matumboni mwao.

Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka katika mwaka wa Haji ya kuaga, alitaka kutoa mali yake nyingi sadaka, na Mtume (S.A.W.) akamzuia isizidi thuluthi, akimweleza kuwa kuwaacha warithi wake wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafakiri wakiwanyoshea watu mikono. Ikiwa sadaka yenyewe imewekewa mpaka kwa ajili ya watoto, itakuwaje karamu?

DENI LA SIMU

Zamani mwenye kutaka kukopa alikuwa na haya kidogo, kwa kuwa hana budi kumwendea mtu na kumtazama uso. Leo haya ile imeondoka. Kutumiana fedha kwa simu ya mkononi kulianza Kenya mwaka 2007, na hilo ni jambo la manufaa makubwa. Tangu mwaka 2012 mikopo nayo imekuwa ikitolewa kwa njia hiyo hiyo, na mtu hukopa kitandani usiku wa manane, hapana amwonaye ila Mola wake.

Ziada ya mikopo hii mara nyingi haiitwi riba, huitwa ada. Lakini wanazuoni hutazama maana, hawatazami jina: kila ziada iliyoshurutishwa katika mkopo kwa manufaa ya mkopeshaji ni riba. Tena na ifanywe hesabu yake. Mtu akikopa shilingi 5,000 kwa siku 30, kwa ada ya shilingi 7 na nusu katika kila 100, atalipa ziada ya shilingi 375. Huiona ni ndogo. Lakini akilipa leo na kesho akakopa tena zile zile 5,000 kwa kuwa mfuko umebaki mtupu, na akafanya hivyo miezi 12, atakuwa ametoa shilingi 4,500 za ziada, karibu sawa na mkopo wenyewe, na bado anadaiwa 5,000. Huyo si mtu aliyesaidiwa. Ni mtu aliyekodi umasikini wake mwenyewe.

NAMNA YA KUWEKA

La kwanza ni daftari. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ameamrisha deni liandikwe, na mwenye akili huandika na matumizi pia. Mtu aandike mwezi mmoja kila kilichotoka, hata cha chai. Mfano, mwenye mshahara wa shilingi 30,000: kodi ya nyumba 8,000, chakula 12,000, nauli 2,500, maji na umeme 2,000, ada za watoto 2,500. Jumla ni 27,000. Zile 3,000 zilizobaki hajui zilipokwenda, na huapa kuwa mshahara haumtoshi. Daftari litamwonyesha: ni shilingi 100 za kila siku barazani.

La pili ni kutenga kwanza, na kutumia baadae. Mwenye kungoja kuweka kitakachobaki hatabakiwa na kitu, maana matumizi ni kama maji ya kujaa, hufuata kila ufuo. Mtu yule akitenga 3,000 siku apokeayo mshahara, kwa mwaka atakuwa na 36,000, na kwa miaka 3 atakuwa na 108,000. Kwa fedha hizo aweza kumwoza binti yake kwa heshima, wala hapana atakayemgongea mlango.

La tatu ni kuiweka mbali na mkono. Kibubu kisichofunguka ila kwa kuvunjwa ni bora kuliko mfuko wa kanzu. Mwenye kutaka benki naye ana njia, kwani benki zisizo za riba zilianza kufunguliwa nchini Kenya mwaka 2008.

La nne ni upatu. Watu 10 waaminianao wakitoa kila mmoja 3,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea 30,000 hata wote wakamaliza. Hapana azidishiwaye wala apunguzwaye. Al-Qalyubi katika wanazuoni wa Kishafii amelitaja jambo la namna hii lililokuwa likifanywa na wanawake katika zama zake, na akanakili kwa Waliyyuddin al-Iraqi kuwa lajuzu. Basi wanaume wasione haya kujifunza kwa wake zao. Sharti ni uaminifu, na majina na zamu ziandikwe mbele ya mashahidi, asije aliyepokea mwanzo akatoweka.

La tano ni kutaja nia ya akiba. Akiba isiyo na jina huliwa upesi. Iitwe ya kusi, au ya arusi ya fulani, au ya Haji. Katika Malaysia wakulima walikuwa wakiuza mashamba na mifugo wapate nauli ya Haji, na wakirudi hawana pa kulima. Mwaka 1963 kikaanzishwa chama cha kuwawekea mahujaji akiba zao bila ya riba, nacho hujulikana leo kwa jina la Tabung Haji. Basi mtu aweza kwenda Makka kwa senti zake, na shamba lake likabaki likimngoja.

HAKI YA AKIBA

Akiba ikifika kiasi cha nisabu, nayo ni thamani ya dhahabu mithqali 20, kadiri ya gramu 85, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu mzima, imepasa zaka ya fungu moja katika mafungu 40. Mwenye shilingi 2,000,000 hutoa 50,000. Akiba iliyotolewa zaka si mali iliyorundikwa kwa uchoyo, bali ni mali iliyosafishwa. Na mwenye akiba ndiye awezaye kumkopesha ndugu yake bila ya ziada, akamwokoa na mkopo wa riba. Asiye na kitu hawezi kumwokoa mtu, hata akiwa na moyo mwema.

KHATIMA

Kwa mukhtasari: atoe kila haki, atenge kabla ya kutumia, aandike, asikope kwa ajili ya sherehe, asiile mali ya yatima kwa jina la matanga, aitolee akiba yake zaka. Na aliyekwisha kuingia katika madeni asikate tamaa. Leo, kabla ya kulala, na ayaandike yote, la mkubwa na la mdogo, na majina ya wenyewe, kisha amwonyeshe mkewe na mwanawe mkubwa mahali karatasi ile ilipo. Kesho na amwendee mdai mmoja, amtazame uso, ampe kidogo alicho nacho. Mdai naye akumbuke kuwa kumpa muda mwenye dhiki ni amri ya Mola katika Suratul Baqara.

Mwenyezi Mungu awatosheleze Waislamu kwa halali yake wasihitajie haramu yake, awalipie wenye madeni madeni yao, na asimchukue mja wake hali shingo yake imefungwa kwa haki za watu. Amin.